Tupange mabluzi ya Michael Jackson yasiyopigwa: lipi namba moja kwako?

Mzee wa Kaseti

Wakuu za jumapili. Jana nilikuwa kwenye harusi ya mtoto wa jirani huku Mbagala, ikafika ile saa ya maharusi kufungua muziki DJ akaweka You Are Not Alone. Sina ubaya nayo, ndio ngoma ya kwanza kuingia chati ya Marekani ya Billboard Hot 100 moja kwa moja kwenye namba moja, mwaka 1995, heshima yake iko palepale. Ila nimekaa na soda yangu nikawa nawaza, huyu mtu ameimba mabluzi, zile nyimbo za taratibu, tangu ana miaka 13 mpaka albamu yake ya 2001, na sisi kila shughuli tunazungushwa na manne yale yale, hiyo, She's Out of My Life, Heal the World, Human Nature, basi. Mengine yamelala ndani ya albamu utadhani hayakuwahi kuimbwa.

Naomba tufanye hivi. Kila mtu ataje matatu yake, ayape alama kwa kumi, aseme kwa nini. Sharti moja tu, yasiwe yale ambayo hata mtoto wa darasa la tatu anayajua.

Naanza mimi.

The Lady in My Life, 10/10. Hii ndio ya mwisho kwenye Thriller, 1982, mtunzi Rod Temperton, yule yule aliyetunga Thriller yenyewe. Albamu ina nyimbo tisa, saba zikatoka kama singo, zikaachwa mbili tu, Baby Be Mine na hii. Yaani albamu iliyouza kuliko zote duniani na bado ina wimbo ambao ukiuliza watu kumi mtaani tisa hawaujui. Michael mwenyewe alieleza kwenye kitabu cha maisha yake kwamba ilimsumbua kuirekodi, walirudia na kurudia prodyuza wake Quincy Jones haridhiki, mwisho Quincy akamvuta pembeni akamwambia nataka ubembeleze. Sasa yule alikuwa mtu wa haya, akaomba wazime taa za studio na wafunge pazia kati yake na chumba cha mafundi asionekane, ndio akaingia gizani akabembeleza. Ukishajua hilo sikiliza dakika mbili za mwisho. Kiitikio kinajirudia, besi inatembea polepole kama mtu anayezunguka chumbani usiku, yeye anaachana na maneno ya kwenye karatasi anaanza kujibizana na waitikiaji, sauti inakwaruza kidogo, inapanda, inarudi chini inanong'ona. Hapo ndipo namwona Michael ambaye kwenye video za kucheza simuoni.

Stranger in Moscow, 9.5. Aliitunga Moscow mwaka 1993 katikati ya ziara ya Dangerous, tuhuma zimemwandama dunia nzima, yuko hotelini peke yake. Inaanza na mvua, halafu ile ngoma unayoisikia chini imejengwa kwa mdomo wake mwenyewe. Ana mashabiki milioni ngapi huko nje na anaimba kama mtu asiye na wa kumpigia simu. Nusu nimeikata kwa sababu ile sauti ya kirusi mwishoni inanitoa kwenye mawazo kila nikisikiliza.

Butterflies, 9. Iko Invincible, 2001. Nitairudia baadaye, sasa nyie.

---

Binti Mvita

Salaam kutoka Mombasa ndugu zangu. Mzee wa Kaseti umenigusa pabaya, mimi Michael nimelelewa naye, babangu alikuwa na kanda ya Bad mpaka maandishi yakafutika kwa kushikwashikwa.

Mimi la kwanza ni Liberian Girl na naipa 10 na sitaki kuambiwa inajulikana! Kule Marekani haikutoka hata kama singo, ilitoka Ulaya na kwengineko 1989, ya mwisho kabisa kwenye zile singo za Bad. Nayo inafunguliwa kwa Kiswahili jamani. Yule mama anayesema nakupenda pia, nakutaka pia, mpenzi we, ni Letta Mbulu wa Afrika Kusini, na aliyepanga hayo maneno ni mumewe Caiphus Semenya, wote wawili walikuwa watu wa karibu na Quincy Jones tangu kazi ya muziki wa ile tamthilia ya televisheni ya Roots mwaka 1977.

Nilikuwa na miaka minane hivi babangu aliponiita sebuleni akaweka kanda akasema sikiliza huyu mama anasema nini. Nikamwambia anasema mpenzi we. Akacheka mpaka akakaa chini. Kwa sie watoto wa Majengo kusikia lugha tunayogombana nayo sokoni ikitoka kwenye kanda ya Michael Jackson, wallahi nilihisi kama ametuita kwa majina.

Najua Liberia hawasemi Kiswahili, wana Kikpelle na Kibassa na Kiingereza chao, na watu wamelisema hilo miaka yote kama kosa. Mimi sioni kosa la kunikosesha usingizi. Ile lugha imewekwa pale kama udi, chumba kinukie kabla ya mgeni kuingia. Kisha sikilizeni anavyoimba, hapandishi sauti hata mara moja kwa kelele, yote iko kwenye pumzi.

La pili Fly Away, 9. Hii ilirekodiwa wakati wa Bad ikaachwa nje, tukaipata 2001 walipotoa Bad upya na nyongeza. Dada yake Rebbie aliiimba kabla, 1998. Mpaka leo sielewi iliachwaje nje.

La tatu bado naipigania nafsi yangu.

---

Fundi Spika

Mleta uzi heko, uzi wa maana huu. Naweka jambo la kifundi kwenye hiyo Lady in My Life maana wengi hawajui kuwa tunayoisikia imekatwa.

Santuri ina ujazo wake. Ukiujaza upande mmoja dakika nyingi mifereji inabanana, sindano inakosa nafasi ya kucheza, besi inapungua na sauti yote inatoka nyembamba haina kifua. Thriller walipoimaliza mara ya kwanza wakaisikiliza ikawa na tatizo hilo, muda karibu umekwisha kampuni inaisubiri, ikabidi warudi kupunguza dakika. Temperton akatoa ubeti mzima kwenye Lady in My Life. Kwa hiyo mkuu unavyoipa 10 ujue unaipa 10 ikiwa imekosa ubeti.

Na kama kuna mtu anaona ile besi ameisikia sehemu nyingine, ni kweli, LL Cool J aliichukua 1995 kwenye Hey Lover na Boyz II Men wakaitikia. Vijana wengi wa rika langu tumeifahamu kwa njia hiyo tukarudi nyuma kuitafuta yenyewe.

Matatu yangu: I Can't Help It 10, Lady in My Life 9.5, Break of Dawn 8.

I Can't Help It ni Off the Wall, 1979, wimbo umetungwa na Stevie Wonder na Susaye Greene aliyewahi kuimba na The Supremes. Waliiweka upande wa pili wa santuri ndogo ya Don't Stop 'Til You Get Enough. Fikiria watu wamenunua ile santuri kwa ajili ya kucheza, wakiigeuza wanakutana na hii. Jaribuni kuisikiliza kwa spika mbili zilizotenganishwa vizuri sio spika ya simu, kile kinanda cha Greg Phillinganes kinaelea juu, besi iko chini imenona, na Michael yuko katikati kama amekaa mbele yako. Nimetengeneza spika miaka kumi na sita, nikimaliza kuifunga ya mteja wimbo wa kwanza kuijaribia ni huo. Ikitoka safi pale, itatoka safi kokote.

---

Mtoto wa Ngamiani

Fundi heshima kwako ila I Can't Help It sio bluzi. Ile inatikisika, huwezi kuicheza mmeshikana viuno.

---

Fundi Spika

Kaka inachezeka, ni hatua tu zinakuwa fupi. Bluzi kwangu sio mwendo wa ngoma, ni mtu anaimba habari gani na anaimbaje. Mle ndani mtu amependa mpaka ameshindwa kujizuia, anakiri. Hiyo ni bluzi.

---

Mama Wawili

Jamani naomba niingie, sijui sana mambo ya studio kama nyinyi ila nina wimbo wangu.

Gone Too Soon. Dangerous, 1991. Naipa 10 na sina la pili wala la tatu.

Michael aliuimba kwa ajili ya Ryan White, kijana wa Indiana aliyeambukizwa virusi vya UKIMWI kupitia dawa za damu alizokuwa akitibiwa ugonjwa wa damu kutoganda, shule ikamkataa asiingie darasani na wenzake, akafariki Aprili 1990 ana miaka 18. Singo yake ikatolewa tarehe 1 Desemba 1993, siku ya UKIMWI duniani. Mwanzoni mwa mwaka huo Michael aliuimba kwenye sherehe za kumwapisha Clinton, kabla ya kuimba akamzungumzia Ryan mbele ya rais mpya akaomba pesa za utafiti ziongezwe.

Mimi kaka yangu tulimzika 1994. Enzi hizo ugonjwa ulikuwa hautajwi, watu walisema amelogwa, wengine wakasema malaria ya kichwa, kwenye msiba hata sahani yake ya chakula kuna shangazi aliificha uvunguni isije ikatumika. Mimi nilikuwa form two. Kanda ya Dangerous ilikuwa yake, aliniachia pamoja na redio ndogo ya betri. Nilikuwa naisogeza mbele mpaka nifike huo wimbo, betri zikiisha naziweka juani nazing'ata kidogo zipate nguvu tena. Hauna maneno mengi, unataja vitu vinavyopita haraka tu, nyota, ua, upinde wa mvua. Haukulaumu mtu. Haukusema amefanya nini. Ndani ya nyumba ambayo kila mtu alikuwa anauliza aliupata wapi, ule wimbo peke yake ndio uliokuwa unamlilia.

Mwaka 2009 tulipokuwa tunatazama ile ibada ya kumuaga Michael, Usher akasimama akauimba akaweka mkono juu ya jeneza, nikatoka nje nikakaa na jirani zangu barazani. Waliniuliza nini, nikasema muziki tu.

---

Mtoto wa Ngamiani

Dada pole sana. Nimesoma mara mbili. Naenda kuutafuta.

---

Binti Mvita

Mama Wawili, Mwenyezi Mungu amrehemu kakako. Mimi Gone Too Soon nilikuwa naipita kila mara nikiona ni wimbo wa misiba. Sitaipita tena.

---

Mlinda Sahani

Nawasalimu kutoka Muscat, nipo huku miaka ishirini na mbili sasa. Naona wote mmeanzia Off the Wall, hamjagusa enzi zake za kampuni ya Motown kabisa, na mimi naona bluzi zake bora ziko kule alipokuwa sauti inavunjika.

One Day in Your Life, 10. Iko kwenye albamu ya Forever, Michael, 1975, alikuwa na miaka 16. Ilitoka haikuuza, albamu ikapita kimya, yeye na ndugu zake wakahama Motown wakaenda Epic. Halafu Off the Wall ikalipuka, Motown wakakumbuka wana nyimbo zake kabatini wakaitoa hii tena 1981, ikafika namba moja Uingereza! Wimbo wa miaka sita nyuma, wa kijana ambaye sasa ni mtu mzima na sauti nyingine kabisa. Mimi nikisikia zile nyuzi zinavyopanda mwanzoni nakumbuka Unguja, nyumba ya bibi Malindi, redio iko dirishani na upepo wa bahari unaisukuma pazia.

Happy, 9. Ya 1973 kwenye Music & Me, ametunga Smokey Robinson na Michel Legrand. Alikuwa na miaka 14. Sauti haijawa ya kiume na sio ya kitoto tena, kuna sehemu unasikia anaitafuta noti kama anayepapasa ukuta gizani kutafuta swichi, anaipata. Prodyuza wa leo angeisafisha pale kwenye kompyuta. Nashukuru hawakuisafisha.

With a Child's Heart, 8.5. Albamu hiyo hiyo, wimbo ulikuwa wa Stevie Wonder kwanza.

Na kaka Mzee wa Kaseti hiyo Butterflies uliyoiahidi naisubiri, maana Invincible mimi sikuimaliza, niliona ndefu.

---

Mzee wa Kaseti

Nimerudi wakuu, nilikuwa kwenye foleni. Kwanza Mama Wawili, dada yangu, nimesoma nikiwa kwenye daladala nikashuka kituo sicho. Asante kwa kutuandikia.

Mlinda Sahani umenifundisha, ile hadithi ya One Day in Your Life nilikuwa naijua nusu.

Sasa Butterflies. Invincible watu waliitupa kwa sababu ni ndefu kweli, nyimbo 16, na wakati ule kila mtu alishaamua Michael amekwisha. Ila humo ndani katikati kuna huu wimbo uliotungwa na Andre Harris na Marsha Ambrosius, binti wa kiingereza wa kundi la Floetry, alikuwa bado hajajulikana. Michael akausikia akautaka, na hakuuchukua tu akaenda zake, alimuita yule binti studio amwelekeze namna ya kuuimba. Mtu aliyeimba tangu utotoni anamuuliza msichana wa miaka ishirini na kitu hapa ulikuwa unasikia nini kichwani. Na inasikika, ile sauti ya juu anaiachia kama mtu anayepuliza unyoya usianguke chini, tarumbeta zinaingia kwa nyuma taratibu. Haikuuzwa kama singo madukani, redio peke yake ziliifikisha namba 14 kwenye Hot 100. Nimeipa 9, nikiandika hivi naona 9.5.

Kuna nyingine nilisahau, Someone in the Dark, ya 1982 kwenye ile santuri ya hadithi ya E.T. Hii ina balaa lake, kampuni mbili za santuri zilipelekana mahakamani juu yake ikaondolewa madukani, ndio maana wengi hawajawahi kuiona. Ilishinda Grammy ya rekodi ya watoto hata hivyo. Ukimsikiliza mle, ni sauti ile ile ya Thriller, mwaka ule ule, Quincy yule yule na Temperton ametia mkono, ila anaimba kama anamlaza mtoto. 9.

---

Mwanafunzi wa Zamani

Aisee mmenirudisha mbali. Michael alipokuja Dar Februari 1992, Mzee Mwinyi akiwa rais, tulisimama na sare zetu barabara ya Pugu tangu asubuhi. Nilichoona ni gari na mkono. Mpaka leo nausimulia ule mkono.

Stranger in Moscow kwangu ndio namba moja, 10 kamili, na ile sauti ya kirusi Mzee wa Kaseti unayoikatia nusu ni ya mtu anayehojiwa, anaulizwa kwa nini umetoka magharibi, kiri. Ndio wimbo wenyewe ule, mtu anahojiwa na dunia nzima. Ukiitoa unatoa mlango wa nyumba.

Na kuna kitu kinachotuhusu. Video yake ya 1996, wale watu wanaotembea polepole mvua inanyesha imesimama hewani, aliyeiongoza ni Nick Brandt. Huyo huyo mwaka uliotangulia aliongoza Earth Song ambayo sehemu yake ilipigwa hapa Tanzania, na kazi hiyo ndiyo iliyomwonesha wanyama wa huku, baadaye akaacha video za muziki akawa mpiga picha wa tembo na simba wa Afrika Mashariki, zile picha kubwa nyeusi na nyeupe za Amboseli. Nikitazama picha ya tembo wake amesimama peke yake kwenye vumbi naiona Stranger in Moscow, upweke ule ule.

La pili Speechless, 9. Aliitunga mwenyewe peke yake, inaanza na sauti tupu bila chombo na inaishia hivyo hivyo. La tatu Be Not Always kwenye Victory ya 1984, alipokuwa bado na ndugu zake, gitaa na nyuzi na yeye basi. 9. Hiyo nina uhakika hata hapa wengi hamjaisikia.

---

Fundi Spika

Be Not Always nimeitafuta sasa hivi. Kweli nilikuwa sijawahi. Nimeiweka kwenye spika za mteja zinazosubiri kuchukuliwa kesho, mke wangu ametoka jikoni akauliza nani huyo analia.

---

Mtoto wa Ngamiani

Nimesikiliza Gone Too Soon na One Day in Your Life zikifuatana. 10 na 10. I Can't Help It nimeirudia pia kwa sababu ya Fundi. Nakubali hatua fupi. 9.

---

Mama Wawili

Asanteni nyote kwa pole zenu. Mwanangu mkubwa amesoma huu uzi nyuma ya bega langu, akaniuliza hiyo kanda bado ipo? Ipo, iko kwenye sanduku la vitenge. Hatuna pa kuipigia. Fundi, hizo redio za kaseti bado mnazitengeneza?

---

Fundi Spika

Tunazitengeneza dada. Mkanda wa ndani wa kuzungusha ndio unaokufa mara nyingi na unapatikana. Usiiweke hiyo kanda kwenye redio yoyote kabla haijasafishwa kichwa itakutafunia. Nicheki inbox, ya kwako sichukui pesa.

---

Binti Mvita

Saa sita usiku huku. Watoto wamelala, nimezima taa ya sebuleni na nimevuta pazia kama alivyofanya yeye, nimevaa hedifoni nikaiweka Lady in My Life mwanzo mpaka mwisho bila kushika simu. Zile dakika mbili za mwisho nilikuwa sijawahi kuzifikia, kila mara nilikuwa naibadilisha nikidhani imekwisha.

La tatu langu nimelipata. 10. Narudia tena.